Mishipa Mipya ya Saratani Mbele ya Sumaku

Uvimbe wa saratani usio na mishipa yake ya damu hukwama ukiwa na upana wa milimita moja au mbili. Seli zilizo mbali na mshipa hazifikiwi na oksijeni ya kutosha, hivyo hufa au hudumaa. Mwaka 1971 daktari wa upasuaji wa Boston, Judah Folkman, alichapisha hoja kwamba uvimbe hutoa kemikali zinazoichochea mishipa ya jirani ichipue matawi mapya kuuelekea, na kwamba kuyazuia matawi hayo kungeweza kuwa tiba. Wengi walimpinga kwa miaka mingi. Kemikali kuu kati ya hizo, protini iitwayo VEGF, ilitambuliwa katika miaka ya 1980, na Februari 2004 Marekani iliidhinisha bevacizumab, dawa inayoizuia protini hiyo, kwa saratani ya utumbo mpana.

Mishipa inayoota ndani ya uvimbe hujengwa haraka na vibaya. Hupindapinda, mingine haina pa kutokea, na kuta zake huvuja kama pakacha. Uvujaji huo ndio unaowapa watafiti pa kushika, kwa sababu kapilari ni nyembamba mno kuonekana moja moja katika picha ya kawaida ya MRI hospitalini. Kinachopimwa ni mwenendo wa damu, na wa dawa ya kung'arisha picha, katika kila kipande kidogo cha uvimbe.

MRI hutegemea maji ya mwili. Viini vya hidrojeni vilivyomo ndani ya maji hujipanga kwa kiasi kidogo kuufuata mvuto wa sumaku kubwa, huvurugwa na mawimbi ya redio, kisha hurudi polepole katika mpangilio wao. Katika kurudi huko hutoa ishara inayogeuzwa kuwa picha, kazi iliyowapatia Paul Lauterbur na Peter Mansfield Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Mionzi ya eksirei haitumiki kabisa. Ili mishipa ijitokeze, mgonjwa hudungwa dawa yenye metali ya gadolini, ambayo huviharakisha viini vya maji ya karibu kurudi katika mpangilio na hivyo kuzing'arisha sehemu ilipofika. Gadolini tupu ni sumu, kwa hiyo hufungwa ndani ya molekuli nyingine inayoishikilia hadi figo ziitoe.

Mashine hupiga picha kila baada ya sekunde chache, kwa dakika kadhaa. Penye mishipa inayovuja, mng'ao hupanda ghafla, na mara nyingi hushuka upesi dawa inaporudi kwenye damu. Katika titi, mpando wa haraka unaofuatiwa na mshuko huwatia madaktari shaka kubwa ya saratani, ilhali mpando wa polepole usiokoma huwa mara nyingi wa uvimbe usio na madhara, ingawa si siku zote. Tangu miaka ya 1990 mpando huo hugeuzwa kuwa namba kwa hesabu, na namba inayotajwa zaidi ni Ktrans, yaani kasi ya dawa kutoka kwenye damu kwenda nje ya mshipa. Namba hiyo yataka uangalifu mkubwa. Mishipa inapovuja sana, dawa inayotoka huamuliwa na wingi wa damu inayofika, si na ubovu wa kuta peke yake. Ktrans ikishuka, basi, huenda kuta zimezibika, au damu imepungua, au yote mawili. Tena namba za mashine mbili tofauti hazilingani kwa urahisi.

Faida kubwa ya kipimo hiki iko katika kufuatilia matibabu. Dawa zinazoshambulia mishipa zinaweza kuuzuia uvimbe usikue bila kuupunguza, hivyo kupima ukubwa peke yake huchelewesha jibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu dawa ya vatalanib, kwa wagonjwa ambao saratani yao ya utumbo mpana ilikuwa imesambaa hadi kwenye ini, ulionyesha kwamba kuingia kwa gadolini kwenye uvimbe kulikuwa kumepungua kufikia siku ya pili ya matibabu. Hata hivyo, majaribio makubwa yaliyofuata hayakuonyesha kwamba vatalanib inarefusha maisha. Picha ilithibitisha kwamba vatalanib imeifikia mishipa. Haikuahidi zaidi ya hapo.

Ubongoni mtego ni mkubwa zaidi. Mishipa yenye afya ya ubongo haipitishi gadolini, kwa hiyo mng'ao huonyesha mahali ukuta wa mshipa ulipovunjika. Bevacizumab huziba uvujaji, na ndani ya siku chache sehemu inayong'aa husinyaa, huku seli za saratani zikiweza kuendelea kupenya kwenye ubongo bila kung'aa. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2010 uitwao RANO uliwataka madaktari watazame pia picha zinazoonyesha maeneo yenye maji mengi yasiyong'aa.

Gadolini yenyewe ina mipaka. Mwaka 2006 ilihusishwa na ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi na viungo kwa watu ambao figo zao zimeshindwa kazi. Njia moja iliyobuniwa mwaka 1992 haihitaji sindano: damu hutiwa alama shingoni kwa mawimbi ya redio kabla haijaingia ubongoni, kisha picha yenye alama hutolewa kwenye picha isiyo nayo, na tofauti huonyesha mtiririko wa damu. Ishara yake ni hafifu, na haipimi uvujaji, lakini inaweza kurudiwa mara nyingi, jambo la thamani kwa watoto na kwa wenye figo dhaifu.