Sura ya Tano: Simu, Kipimo na Ghala

Kila nizungumzapo na watu juu ya vijana na chakula katika uwanda huu wa kati, hukutana na dhana mbili zilizokwisha kukita mizizi hata zikahesabiwa kuwa elimu. Ya kwanza husema kwamba vijana wa Dodoma wamekichukia kilimo, na kwamba dawa ya chuki hiyo ni kukipamba kilimo kwa simu na kompyuta mpaka kifanane na mambo ya mjini. Ya pili, ambayo madhara yake ni makubwa zaidi kwa kuwa huvaa joho la usomi, husema kwamba kijana akishawekewa programu ya kilimo katika simu yake, na akahudhuria semina ya siku mbili hotelini, amekwisha kuwezeshwa, na chakula kitafuata chenyewe.

Vijana hawakukichukia kilimo. Serikali ilipouzindua hapa Dodoma, mwezi wa Machi 2023, mpango wa Jenga Kesho Iliyo Bora, ambao wengi huujua kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, BBT, na kutangaza mashamba ya pamoja ya Chinangali na Ndogowe wilayani Chamwino, waombaji walizidi kwa mbali nafasi zilizokuwapo. Na mtu anayekichukia kitu hajazi fomu ya kukiomba. Aidha, ye yote apitaye Bahi au Chemba mwezi wa Desemba huwaona vijana wakilima alizeti na ufuta katika ekari za kukodi, kwa plau na maksai wa kukodi, nao wamekwisha kumlipa mwenye ardhi kabla hawajajua kama mbegu itaota. Wanachokikosa ni ardhi iliyo yao, mtaji na maji, na upungufu huo hautibiwi kwa programu.

Basi faida ya simu ni nini? Simu ni tarishi. Tarishi mwepesi wa miguu ni neema kwa mji wenye barua ya kupeleka, lakini asipokabidhiwa barua wepesi wake haumfai mtu. Mfumo wa M-Kilimo wa Wizara ya Kilimo, ambao mkulima huufikia hata kwa simu ya kitochi kwa kubonyeza *152*00#, ni tarishi mwema. Kadhalika usajili wa wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, ulioanza mwaka 2022, umeonyesha kwamba daftari la nchi nzima laweza kukaa katika mtandao na likatumika. Lakini jibu lo lote litokalo katika mifumo hiyo limetokana na kitu ambacho mtu fulani, mahali fulani, alikipima kwa mkono wake. Na vipimo ndivyo vilivyo adimu vijijini mwetu. Kwa hiyo nashikilia kwamba kumwezesha kijana kwa tekinolojia ya dijitali ni kumfanya kwanza mpimaji: wa mvua, wa uzito, na wa unyevu wa nafaka. Nitayachukua mambo haya matatu kwa zamu.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na Dodoma hupata kwa mwaka takriban milimita 550 hadi 600. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu kabla mvua hazijaanza, na kila mwaka mwelekeo huo husomwa vibaya. Ukisema mvua zinatarajiwa kuwa chini ya wastani, watu husikia njaa. Ukisema wastani, kila mmoja husikia ahadi iliyotolewa kwa shamba lake. Mwelekeo huo husema juu ya kanda nzima, na husema jambo linaloelekea zaidi kutokea, ilhali mawingu ya uwanda huu aghalabu hunyesha upande mmoja wa kilima na kuuacha wa pili mkavu. Hakuna setilaiti itakayomjuza mkulima wa Bahi kwa uhakika wote kiasi kilichoingia katika udongo wake jana usiku. Kopo lenye kuta zilizosimama wima na rula ya mwanafunzi vitamjuza. Kila milimita moja ya mvua juu ya ekari moja ni lita zipatazo 4,000 za maji, na kijana aandikaye hesabu hiyo kila asubuhi, akaituma kwa afisa ugani, ameongeza katika maarifa ya nchi jambo ambalo halikuwako. Sina subira na mganga anayepokea mbuzi ili ailete mvua, wala sina subira na muuza programu anayemwahidi mkulima kumtajia miezi mitatu kabla siku hasa ya kupanda. Wote wawili huuza yakini wasiyokuwa nayo, kwa mtu ambaye kosa litamgharimu mbegu.

Na hapa yanipasa kusimama Kongwa, ingawa sikukusudia kukaa huko, kwa maana sijui mahali pengine katika Afrika ya Mashariki ambapo somo hili liliandikwa kwa gharama kubwa kama hiyo. Mwaka 1946 Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilimtuma John Wakefield na wenzake kutafuta ardhi ya karanga, nao katika muda wa majuma machache, huku sehemu kubwa ya nchi wakiitazama kutoka katika ndege, wakapendekeza kulima ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rodeshia ya Kaskazini. Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947. Mitambo ililetwa kwa wingi, na miongoni mwake matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu ikaishinda, na mizizi ya vichaka ikayavunja majembe. Rekodi za mvua za mahali penyewe zilikuwa chache mno kujengewa shauri lo lote. Wagogo, wenyeji wa huko, waliokuwa wamepita miaka thelathini tu kabla ya hapo katika njaa ile ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, waliijua tabia ya mbingu yao, lakini shauri halikujengwa juu ya maarifa yao. Mvua zilipokatika, udongo ule wa mfinyanzi na mchanga uliungua juani ukawa mgumu kama sakafu, na karanga zikakwama ndani yake zisichimbike. Januari 1951 mpango ukaachwa, na hasara iliyofutwa katika vitabu vya serikali ya Uingereza ilikuwa takriban pauni milioni 36. Mitambo ile ilikuwa ndiyo tekinolojia ya kisasa ya zama zake, na waliokuwa wakiisifu walisema juu yake maneno ambayo leo nayasikia yakisemwa juu ya akili unde na ndege zisizo na rubani.

Juu ya uzito, na bei iliyofungamana nao, nitasema machache. Soko la mahindi la Kibaigwa, katika barabara kuu iendayo Morogoro, linajulikana mpaka nje ya mipaka yetu, na bei zake huruka kwa simu mpaka vijiji vya mbali kabla ya saa nne asubuhi. Lakini mkulima aliyeletewa habari ya bei ya kilo, kisha akauza shambani kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba mpaka likabeba kilo nyingi kupita stahili yake, hakunufaika na habari ile hata kidogo. Lumbesa imekatazwa, na Wakala wa Vipimo hukamata watu kwa ajili yake. Hata hivyo itaendelea maadamu kijijini hakuna mizani. Kijana mwenye mizani iliyokaguliwa na kupigwa chapa humlinda mkulima kwa namna ambayo ujumbe wa bei peke yake hauwezi.

Unyevu wa nafaka ni habari ya ghala, na ghala ndilo jambo ambalo watu hulifikiria kidogo kuliko yote, wakidhani kwamba chakula kikishavunwa kimeokoka. Katika mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio ulioigundua sumukuvu, sumu itolewayo na kuvu wa nafaka na karanga. Mwaka 2016 tuliijua kwa uchungu zaidi, ilipoua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Chemba, Kondoa na Kiteto zikiwamo. Wagonjwa walikuwa na macho ya manjano, matapishi na matumbo yaliyovimba, kwa sababu sumu hiyo hulishambulia ini. Maradhi yaingiayo nyumba moja na kuiacha ya jirani huwa mlango wa minong'ono ya uchawi, lakini sababu yake i wazi kwa kila atakaye kuiona: kila nyumba hula kutoka ghala lake. Nyumba mbili zilizolima bega kwa bega zaweza kukausha kwa njia mbili, na njia hizo mbili huamua nani ataugua.

Kuvu wenyewe huishi udongoni. Hupenya katika punje iliyodhoofishwa na ukame au kutobolewa na wadudu, na kisha hustawi palipo na unyevu na joto. Mahindi yaliyopukuchuliwa kwa kupigwa fimbo hupasuka, na kila ufa ni njia. Yaliyoanikwa juu ya ardhi tupu huchukua kuvu pamoja na vumbi. Kupika hakuiondoi sumu. Kukoboa huipunguza, kwa kuwa sehemu yake kubwa hukaa katika ganda na kiini, na hiyo ndiyo sababu dona la mahindi mabovu ni hatari kupita sembe yake. Kinga ni kuanika juu ya turubai, kuchambua punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi, kukausha mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13, kisha kuhifadhi katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa.

Nimeulizwa mara nyingi kama simu yaweza kuipiga picha nafaka na kusema kama ni salama. Hadhari na mtu akuambiaye kwamba yaweza. Sumu yenyewe haina rangi wala harufu. Punje safi kwa macho yaweza kuibeba, na mgawanyiko wake katika gunia hauna usawa hata kidogo, kiasi kwamba punje chache zaweza kuharibu gunia zima ilhali zilizozizunguka hazina kitu. Kwa hiyo mpimaji huchoma gunia kwa bambo, chuma chenye ncha cha kutolea sampuli, mahali pengi, juu, katikati na chini, huchanganya alichokitoa, husaga, na sampuli hiyo ndiyo iendayo maabara. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukifikia.

Unyevu, kinyume chake, hupimika kijijini. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia nafaka mpaka theluthi yake, ongeza chumvi kavu kiasi cha kijiko, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha uiache itulie robo saa. Chumvi ikiganda katika kuta za chupa, nafaka ina unyevu uzidio asilimia 15 au karibu na hapo, na irudi juani. Lakini isipoganda, usifanye haraka kutangaza usalama, kwa sababu baina ya 15 na 13 chumvi haina ushahidi wa kutegemewa, na hapo ndipo kipima unyevu cha betri, kisichozidi ukubwa wa kiganja, kinapohitajika.

Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vijana. Lau ningekuwa na sauti katika matumizi yake hapa Dodoma, ningenunua mizani, bambo, vipima unyevu na maturubai kabla ya kompyuta yo yote. Kikundi cha vijana watano wenye vifaa hivyo chaweza kutoza ada ndogo kwa kila gunia kinalolipima, na kutuma kwa simu tarehe ya kuvunwa, uzito, unyevu na ghala lilipo. Mnunuzi wa Kibaigwa atailipia habari hiyo, na afisa afya wa wilaya atajua mapema ni nyumba zipi zimeweka nafaka mbichi. Kazi hiyo huanza Mei, mahindi yakiwa bado shambani, na mkopo wake uombwe kabla ya hapo, kwa kuwa turubai lifikalo Agosti hukuta nafaka imekwisha kuingia ghalani.