Mzigo wa Kariakoo Hadi Kibondo

Duka likiwa Kariakoo na mnunuzi akiwa Kibondo, kati yao kuna zaidi ya kilomita 1,000. Pesa huvuka umbali huo kwa dakika moja kupitia M-Pesa au Airtel Money. Mzigo husafiri kwenye buti la basi na kufika baadaye. Matapeli huishi katika pengo hilo, na kujikinga ni kulipunguza kadiri inavyowezekana.

Cha kwanza kuangaliwa ni jina. Picha za Instagram hazithibitishi kuwa duka lipo, kwani yeyote anaweza kuzinakili. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri lina uzito zaidi. Muuzaji mwenye duka kwa kawaida hutoa lipa namba yenye jina la biashara. Akitoa namba binafsi yenye jina geni na kudai ni ya "mhasibu", malipo yasimame hapo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni aeleze yeye ni nani, anapatikana wapi na bidhaa yake ikoje, hivyo kumhoji si utovu wa adabu.

Kinga iliyo kongwe kuliko simu bado ndiyo imara: ndugu aliyeko Dar es Salaam aende dukani, aijaribu bidhaa, alipe na kuifikisha ofisi ya basi. Asiye na mtu huko apatane kulipa sehemu kwanza, amalizie akishatumiwa picha ya risiti ya mzigo, namba ya gari na simu ya kondakta. Wauzaji wengine hukataa. Hilo peke yake si utapeli, maana nao huumizwa na wateja wanaoagiza kisha wakazima simu. Bei ya nusu ya soko inayoambatana na kuharakishwa ndiyo ya kutilia shaka.

Mzigo ukifika stendi ya Kibondo, ufunguliwe palepale huku mtu akirekodi video. Ikiwa bidhaa ni simu, *#06# hutoa namba ya IMEI, ambayo ikitumwa kwenda 15090 huleta majibu yanayoonyesha aina ya simu yenyewe. Mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia Juni 2016, lakini kughushi hakukukoma. Mbegu zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, hukwanguliwa na namba yake kuhakikiwa kwa *148*52# kabla ya kupanda, kwa sababu mbegu bandia hugundulika shambani mvua za kwanza zikiwa zimeshapita, na hakuna fidia inayorudisha msimu.

Risiti ya EFD itunzwe, kwani bila hiyo ni vigumu hata kuonyesha kuwa duka liliuza. Maandishi ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" hayaondoi haki ya aliyeuziwa kitu kibovu au kisicho kile alichoelezwa. Malalamiko ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Aliyetapeliwa pesa kwa simu awahi kwanza huduma kwa wateja ya mtandao wake, ili salio la tapeli lizuiwe kabla halijatolewa kwa wakala, kisha achukue namba ya taarifa (RB) polisi na kuripoti namba iliyotumika kupitia 15040.