Makaa Yanayonasa Sumu

Ni nani hapa Bunia asiyeyajua makaa? Twayaona sokoni kila asubuhi, yamejaa magunia, na jioni twayapikia chakula. Lakini ni wachache wajuao kwamba kitu hiki cheusi chaweza pia kunasa hewa ya sumu.

Tukivunja kipande cha makaa twaona vitundu vidogo, alama ya mishipa iliyopitisha maji mti ulipokuwa hai. Mafundi huyachoma tena makaa hayo katika mvuke wa maji, kwa joto la nyuzi 800 au zaidi, bila kuyaacha yawake. Ndipo hufunguka vitundu vingine vingi mno, visivyoonekana kwa macho. Uso wa ndani wa gramu 1 hufikia mita za mraba 1,000. Basi gramu 8 zapita kiwanja cha mpira. Hewa chafu ikipita humo, sumu hunata kutani, na hewa safi huendelea mbele. Mwaka 1915, baada ya hewa ya klorini kuua askari wengi huko Ypres, Ubelgiji, Mrusi Zelinsky aliyatia makaa ya namna hiyo katika vinyago vya vita.

Je, jambo hili latuhusu sisi wa Ituri? Latuhusu sana. Tangu dhahabu ilipogunduliwa upande wa Kilo mwaka 1903, wengi wamekula jasho la machimbo. Wachimbaji wengine huishika dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma mchanganyiko huo motoni. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357, hupaa, na dhahabu hubaki. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Humwingia mchomaji mapafuni, pamoja na mke na watoto walio chumba kimoja naye. Mikono hutetemeka, figo na ubongo huharibika, na mtoto aliye tumboni hudhurika kabla ya kuzaliwa.

Dawa ipo. Ni chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba: mvuke hupoa bombani, na zebaki hurudi kuwa maji mazito ya kutumiwa tena. Mvuke kidogo unaoponyoka waweza kunaswa na makaa yaliyotiwa kibiriti, kwa kuwa kibiriti na zebaki huungana kabisa.

Lakini tusidanganyike! Makaa ya jikoni hayana nguvu hiyo. Tena, jiko likiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, iuayo watu usingizini, na hata makaa ya mafundi hayainasi. Hiyo huhitaji oksidi za manganizi na shaba, ambazo huigeuza kuwa hewa isiyo na ukali huo, nazo zenyewe zisiliwe. Kila sumu ina mtego wake.

Basi, baba wa nyumba, usichome zebaki mahali wanapolala watoto. Nawe mama, sufuria iliyochomewa dhahabu isirudi jikoni, na jiko la makaa lisilale chumbani. Dhahabu iliyopotea yaweza kutafutwa tena kesho. Akili ya mtoto ikiharibika, hakuna shimo la kuichimbua.