Kwa nini Eldoret bado inaulizia ajali ya Kipkaren

Agosti 14, 1990, gari la Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Anglikana, Dayosisi ya Eldoret, liligongana na lori la maziwa pale Kipkaren. Askofu alikuwa akitoka Busia, na hakufika nyumbani. Siku chache kabla ya hapo Waziri wa Leba, Peter Okondo, alikuwa ameonya hadharani kwamba Muge na Askofu Henry Okullu wakikanyaga Busia wataona moto na huenda wasitoke hai. Okondo alijiuzulu. Dereva wa lori alihukumiwa kifungo cha miaka 7 kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari, akafia gerezani.

Mahakamani kesi iliisha, lakini kwa watu wa Eldoret haijaisha. Nafundisha sheria za vyombo vya habari, na kila nikitaja Kipkaren darasani, vijana waliozaliwa miaka mingi baadaye wananiambia bila kusita kwamba askofu aliuawa. Wamelisikia hilo kwa wazazi wao.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Mwaka wa 1988 Wakenya walipiga kura ya mlolongo, wakipanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake. Muge aliupinga utaratibu huo waziwazi. Jarida la Beyond, la Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilipoandika kuhusu wizi wa kura hizo lilipigwa marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, alishtakiwa, na shtaka lenyewe halikuwa kwamba ameandika uongo: lilikuwa kutowasilisha taarifa za mauzo ya jarida. Wahariri wengine walielewa ujumbe. Tangu hapo afisa wa serikali hakuhitaji kupiga simu; mhariri mwenyewe aliifuta habari kabla haijafika mtamboni. Wiki chache baada ya mazishi ya Muge, jarida la Nairobi Law Monthly nalo likapigwa marufuku.

Katika mazingira hayo, ni nani angeichunguza ajali ya Kipkaren akaaminika? Yawezekana kabisa ilikuwa ajali ya kawaida. Yawezekana pia haikuwa. Miaka mingi baadaye, aliyekuwa afisa wa ujasusi aliieleza Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano kwamba ulikuwa mpango. Serikali iliyowanyamazisha waandishi ilijinyima mashahidi wake yenyewe. Hata kama hukumu ile ilikuwa ya haki, haikubaki sauti huru ya kuithibitisha.

Eldoret ililipa tena gharama ya kunyamazishwa kwa habari. Desemba 30, 2007, katika mzozo wa uchaguzi, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Uvumi ukasambaa kwa arafa, na Januari 1 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, likachomwa watu wakiwa ndani. Sisemi marufuku ndiyo iliyowasha moto ule, wala sitetei redio zilizopanda chuki. Mchochezi ashtakiwe kwa jina lake, kwa maneno aliyoyatamka. Kuzima redio zote kunamwacha mchochezi akinong'ona bila wa kumpinga.

Ibara ya 34 ya Katiba ya 2010 inaikataza serikali kuingilia utangazaji. Hata hivyo, Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kutangaza maandamano moja kwa moja, hadi Mahakama Kuu ilipolisimamisha agizo hilo. Ukiambiwa tena kwamba habari zimefungwa kwa usalama wako, uliza: ni kwa sheria gani, na ni nani aliyetia sahihi?