Chasisi ya Kigari cha Waya: Ujuzi na Istilahi katika Mitaa ya Kibera na Kawangware

Aghalabu mjadala kuhusu istilahi za kiufundi huanzia katika vyumba vya mikutano. Makala haya yanaanzia uani, katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, ambamo watoto hujiundia vigari vya waya. Hoja kuu ni kwamba sehemu ngumu zaidi ya kazi hiyo, yaani chasisi, hufafanulika kwa Kiswahili bila shida, na kwamba ufafanuzi huo ni elimu kamili.

Chasisi ni fremu ya chini inayobeba bodi na kushikilia magurudumu. Waya mgumu hunyooshwa kwa kugongwa juu ya jiwe, kisha hukunjwa uwe mstatili. Viungo hufungwa kwa waya mwembamba au kwa ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu. Ili kuhakikisha kwamba fremu haikupinda, uzi huvutwa kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili, kisha hulinganishwa na masafa ya pembe mbili zilizosalia. Pande zinazokabiliana zikiwa sawa na vipimo hivyo viwili vikilingana, pembe zote ni mraba.

Hufuata mihimili miwili ya magurudumu. Hii sharti iwe sambamba, la sivyo kigari kitavuta upande mmoja daima. Magurudumu huwa vizibo vya soda au vipande vya kandambili vilivyokatwa mviringo. Tundu lisipokuwa katikati kabisa, gurudumu huyumba. Likibana mno, halizunguki. Mhimili wa mbele huachwa ugeuke, nao huunganishwa na waya mrefu unaopanda hadi mkononi mwa dereva anayetembea nyuma. Huo ndio usukani.

Kanuni hizi ndizo zizo hizo zinazotawala vigari vya umeme vya mashindano vinavyochezewa Ulaya na Marekani: chasisi iwe ya chini, pana na iliyonyooka. Tofauti ni kwamba vile huongozwa na pini inayopita katika mfereji uliochongwa njiani, ilhali dereva wa Kibera hutumia usukani kuukwepa mfereji.

Neno usukani lenyewe lina safari ndefu. Lilihusu chombo cha kuongozea jahazi, likahamia kwenye gari, na sasa limo mikononi mwa mtoto wa Kawangware ambaye huenda hajawahi kuiona bahari. Hivyo ndivyo lugha inavyokua: kwa kutumiwa kazini.

Hata hivyo, katika madarasa ya juu ya shule za msingi nchini Kenya, hisabati na sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto anayejua kwa nini kigari chake huvuta kushoto aweza kushindwa na swali lilo hilo katika karatasi ya mtihani, akadhaniwa hajui. Ni wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili kwenda uani, kusikiliza na kuyaandika maneno hayo, ili mjuzi huyo mdogo asihesabiwe mjinga kwa sababu ya lugha aliyoulizwa.