Kwa nini maji matupu hayatoshi kunawa

Ukitoka kununua leso Biashara Street, mikono yako imeshika noti, vitambaa na pengine viazi karai. Je, ukiisuuza kwa maji matupu imetakata? La. Mafuta hayachanganyiki na maji, na vijidudu hunata humo.

Sabuni ndiyo mpatanishi. Kila chembe yake ina kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta. Zikiwa nyingi majini, chembe hizo hujipanga zenyewe kuwa vitufe vidogo mno, vinavyokaribiana ukubwa: mikia ndani, vichwa nje. Mafuta hufungwa ndani, maji yakayachukua.

Mikia hiyo pia hupasua utando wa mafuta wa virusi vya korona, vilivyofanya Mji wa Kale ufungwe Mei 2020. Virusi vya rota, viharishavyo watoto, havina utando huo; hivyo dawa yake ni kusugua na kusuuza vizuri.

Basi sugua kwa sekunde 20: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha. Kisha suuza kwa maji yatiririkayo, si ya beseni walilonawia wengine.