Mkalimani wa Hifadhidata: Awemo Sandukuni au Atafutwe Nje?

Wanafunzi wenzangu mnaojifunza kuandika programu za kompyuta, nataka kuwaeleza jambo moja ambalo watengenezaji wa lugha hizo wamebishana juu yake kwa miaka mingi, na ambalo latuhusu sana sisi tusio na intaneti kila saa. Jambo lenyewe ni hili: mtu akipewa lugha ya programu, je, apewe pamoja nayo chombo cha kusemea na hifadhidata, au akitafute mwenyewe?

Kwanza tuelewane maneno. Hifadhidata ni daftari kubwa la kompyuta, lililopangwa hata mtu aweza kuliuliza swali akajibiwa mara moja. Chama chetu cha jiografia hupima mvua kila siku saa tatu asubuhi. Vipimo hivyo vikitiwa katika hifadhidata, ukauliza ni mwezi gani uliopata mvua nyingi kupita yote, jibu latoka papo hapo. Lakini programu yako haijui yenyewe kusema na hifadhidata. Hapana budi awepo mkalimani katikati, apeleke maswali na kuleta majibu. Wataalamu humwita draiva. Na kila hifadhidata ina mkalimani wake: yule wa PostgreSQL hawezi kusema na MySQL, wala yule wa MySQL hawezi kusema na Oracle.

Tena, lugha ya programu haitolewi tupu. Huja na vifaa vilivyokwisha tengenezwa, vya kuhesabu tarehe, kusoma mafaili na mengine mengi. Jumla yake huitwa maktaba sanifu. Mimi huifananisha na sanduku la seremala. Kilichomo unacho tayari. Kisichokuwamo wakifuata dukani, na duka lenyewe ni intaneti.

Basi, huenda mtu akasema, "Watiwe wakalimani wote sandukuni, shida iishe!" Maneno hayo yapendeza, hasa kwa shule iliyo mbali na mji. Lakini tazameni yaliyotokea mwaka 2018. Mwaka huo MySQL ilitoa toleo la 8.0, na ndani yake ikabadili njia yake ya kawaida ya kuhakikisha neno la siri la mtu anayebisha hodi. Wakalimani wengi wa zamani hawakuijua njia ile mpya, wakakataliwa mlangoni. Mkalimani anayekaa nje ya sanduku aweza kutengenezwa upya na kutolewa juma lile lile. Aliyemo ndani hungoja sanduku zima litolewe upya. Python, kwa mfano, tangu 2020 hutoa toleo jipya mara moja kwa mwaka, mwezi wa Oktoba. Marekebisho madogo hutolewa katikati ya mwaka, ni kweli, lakini mambo mapya hungoja Oktoba. Mwenye hifadhidata ana kalenda yake, na mwenye lugha ana yake. Kuwafunga kamba moja ni kumchelewesha mmoja wao.

Kuna na hatari nyingine, nayo naiona kubwa zaidi. Kitu kikishatiwa sandukuni, watu hukizoea, vitabu hukifundisha, na kukitoa huwa taabu kubwa. Lugha ya PHP ilikuwa na mkalimani wa zamani wa MySQL, ambaye hakujua kutenganisha amri na maneno yaliyoandikwa na mgeni. Mwandishi asiyejihadhari aliweza kumwachia mtu mbaya nafasi ya kuandika amri mahali pa jina lake, na kompyuta ikaitii. Wakalimani bora walikuwapo, lakini yule wa zamani aliendelea kutumiwa kwa kuwa ndiye aliyezoeleka. Alikatazwa rasmi mwaka 2013, akaondolewa mwaka 2015 katika PHP 7. Programu nyingi zilizomtegemea hazikuweza kwenda katika toleo hilo mpaka ziandikwe upya. Mwanafunzi anayenakili leo mafundisho ya kitabu cha miaka ile ataambiwa tu kwamba kazi anayoiita haijulikani.

Je, sanduku likae bila mkalimani hata mmoja? Watu wa lugha ya Go walifanya karibu hivyo. Katika Go 1 ya mwaka 2012 walitia sandukuni mapatano tu, yaani namna ambayo kila mkalimani lazima aifuate, na wakalimani wenyewe wakawaacha nje. Python nayo ilikuwa na mapatano yake tangu 1999: kila mkalimani awe na kazi zenye majina yale yale, kama vile connect ya kufungua mlango na execute ya kupeleka swali. Mapatano hayo si kamili. Mkalimani mmoja hutaka alama ya kuuliza mahali pa kujaza jibu, mwingine hutaka %s, na mapatano yaliwaruhusu wote. Kwangu hiyo ni kasoro.

Lakini mwaka 2006 Python iliongeza jambo moja ambalo mimi nalisifu. Katika toleo la 2.5 ilitia sandukuni mkalimani wa SQLite. Hifadhidata hii, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, haihitaji seva, wala neno la siri, wala mtu wa kuilinda. Data yote hukaa katika faili moja, ambalo waweza kulinakili kama barua. Umbo la faili hilo halijavunjwa tangu 2004, na watengenezaji wake wamesema wanakusudia kuitunza hadi mwaka 2050. Hapo sababu zangu za kukataa zaondoka. Hakuna seva ya mbali itakayobadili mlango ghafula, na kitu chenyewe hakizeeki upesi. Vipimo vyetu vya mvua vyatoshea humo kwa miaka mingi, hata nyaya za intaneti zikikatika muhula mzima.

Kwa hiyo mimi naona sandukuni yatosha kuwamo mapatano, na mkalimani mmoja wa hifadhidata isiyo na seva. Wa PostgreSQL na wenzake wakae dukani, watengenezwe na wale wanaozijua hifadhidata hizo.

Na shule isiyo na intaneti haikosi njia. Mwalimu aendapo mjini aweza kumpakua mkalimani kwa amri ya pip download, amtie katika flashi, kisha amsimike shuleni kutoka folda ile ile bila mtandao. Ila aandike kwanza katika karatasi toleo la Python lililoko shuleni na aina ya kompyuta, maana mkalimani wa Windows hakubali kusimikwa katika Linux, na safari ya pili yahitaji nauli nyingine.